Mama Mkwe Hayumo Ndani

Nilirudi kutoka kazini nikakuta geti limerudishiwa tu, ndala za mama mkwe hazipo, na mwenyewe hayupo. Moyo ulinilipuka. Mama siku hizi anasahau. Jana tu aliniita kwa jina la marehemu dada yake. Mume wangu yuko safarini, simu haipatikani. Ningemwambia nini? Kwamba mama yake nimempoteza?

Mtaa wetu juzijuzi tu ulikuwa mashamba. Sasa kila ukigeuka kuna bati jipya, na chini ya kila bati watu wa kwao: hawa wameteremka milimani, wale wamevuka mpaka, wengine hata salamu yao siielewi. Mimi ni mtu wa kufunga geti. Natoka alfajiri, narudi jioni, majirani nawajua kwa rangi ya mageti yao. Kutojuana na watu nilikuona ni ustaarabu.

Basi nikaanza kuyagonga mageti hayohayo. Kila aliyefungua alinipandisha na kunishusha kwa macho. Mwishowe mwashi mmoja, juu ya ukuta wake, akanihurumia.

"Yule bibi mcheshi? Si yuko kwa fundi cherehani! Kila siku yuko pale."

Kila siku! Nilikimbia.

Mama alikuwa barazani, ametulia, anachambua vifungo kwenye bakuli. Wanawake watatu walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na Kiswahili cha kwao, wanacheka mpaka machozi. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Mama, twende nyumbani," nilisema, nikamshika mkono.

Fundi akaiacha cherehani yake, akasimama katikati yetu. "Samahani, dada. Wewe ni nani?"

"Mkwewe. Nakaa hapo juu, geti jeusi."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa nne."

Akawageukia wenzake. "Kuna anayemfahamu?"

Wakatikisa vichwa. Uso ulinichoma kwa aibu.

"Basi utuwie radhi," fundi alisema. "Huyu ni bibi yetu. Hatuwezi kumtoa kwa mtu tusiyemjua. Bibi, huyu ni wa kwako?"

Nilimkazia macho mama, namwomba kimoyomoyo anikumbuke, leo tu. Naye alinitazama sana, kwa upole.

"Simjui," alisema. "Lakini amechoka, masikini. Mpeni kiti akae na sisi."