Mabegani mwa Baba

Gatera alifika Brussels na familia yake mwezi wa Julai 2015, kwa harusi ya shemeji yake Kanyana. Kazi ya ghala huko Louisville, Marekani, ilikuwa imempa tiketi za ndege na likizo fupi. Alitaka jambo moja tu: watoto wake waone mji wa kale usio na mtu anayekimbia. Isaro alikuwa na miaka minane, Rugaba minne. Hawakuwa wamesimuliwa vita vya Kivu Kusini, kwao Kongo. Gatera na mkewe Rakeli walikubaliana hivyo: watoto wasione damu, hata kwa maneno.

Asubuhi walizunguka uwanja mkuu. Isaro alitaka kujua ni nani anayepanda juu kupaka majumba dhahabu. Rugaba aliicheka sanamu ya mtoto anayekojoa mpaka naye akabanwa na mkojo. Kisha alipanda mabegani mwa baba yake, akala viazi vya kukaanga, mayonezi ikimdondokea Gatera kichwani.

Njiani kuelekea kanisa kuu, wanaume watatu walikuwa wamesimama mbele ya duka la kinyozi wakizungumza Kilingala. Gatera akapunguza mwendo.

"Achana nabo, shemeji," Kanyana alinong'ona. "Huku hatusalimiane ovyo. Hapa haiko Louisville."

"Mukongomani ni ndugu. Nimupite kama muti?"

Kule Louisville hakuwahi kumpita Mkongomani. Katika basi, katika maduka ya mtaa wa Iroquois, hata alipowatembelea jamaa zake wa miji ya Columbus na Buffalo, alimshika mkono kwanza, kisha akamuuliza kwao ni wapi.

"Jambo, ba ndugu! Muko bazima?"

Mwanaume mwenye jezi nyekundu alitabasamu. "Tuko. Na weye, uko mutu wa wapi?"

"Minembwe, Kivu Kusini!" Gatera alisema kwa furaha.

Tabasamu likafutika. "Minembwe, kule kwa Banyarwanda. Bon. Njo maana pua yako imefika mbele yako. Weye uko Munyarwanda."

"Niko Mukongomani kama weye, ndugu."

"Ndugu ya nani? Ba ndugu yetu mulibaua!"

Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo. Gatera hakuinua mikono. Mikono ilishika vifundo vya miguu ya Rugaba, aliyekuwa bado mabegani. Angeviachia, mtoto angetangulia kwa kichwa kwenye mawe. Ngumi ya pili ilimvunja pua. Teke likamwingia ubavuni. Alipiga magoti polepole, kama anavyoshusha boksi la vioo kazini, mpaka Rakeli akamnyakua mtoto. Kanyana alikuwa amemkumbatia Isaro ukutani, akiita polisi kwa sauti kubwa.

Wawili walikimbia. Wa jezi nyekundu alikanyaga viazi vya Rugaba vilivyomwagika, akaanguka chali.

Sasa mikono ya Gatera ilikuwa huru. Alimkalia kifuani, akampiga kwa ajili ya mdomo. Akampiga kwa ajili ya pua. Kisha akampiga kwa ajili ya baba yake mdogo, aliyechinjwa milimani Minembwe na watu ambao huyu huenda hakuwajua. Jino likatoka.

"Basi," mtu yule alikoroma. "Pardon, ndugu. Pardon."

Gatera alimshika masikio, akakigonga kichwa chake kwenye jiwe.

"Dad, stop!" Isaro alilia.

Akakigonga tena.

"Baba Isaro!" Rakeli alipiga kelele. "Batoto banakuangalia!"

Akaacha. Mtu yule alikuwa akipumua, mapovu mekundu yakimtoka puani. Watu walikuwa wamewazunguka, na king'ora kilikuwa kinakaribia.

Gatera alifuta mikono kwenye suruali. Haikutakata. Alimwendea Rakeli, akachuchumaa, akamgeuzia Rugaba mgongo kama alivyomzoeza.

"Kuya, mwanangu. Panda."

Rugaba alificha uso shingoni mwa mama yake. Gatera akanyoosha mkono nyuma, akautafuta mguu mdogo wa mtoto, akaugusa. Isaro akaushika mguu ule ule ambao baba hakuuachia, akauondoa mkononi mwake.