Kaburi la Mgomba

Nilikuwa sokoni Kasulu napima maharage, simu ikaita. Alikuwa Kipriani, jirani wa mama yangu kule Nyabibuye.

"Dada Esteri, mwili unafika saa ngapi?"

"Mwili wa nani?"

"Wa Aneth."

Aneth ni mdogo wangu, muuguzi. Asubuhi ile ile nilimsindikiza stendi mwenyewe, kahamishiwa Kibondo, ana godoro, ndoo na kuku aliyepewa na wagonjwa. Mzima wa afya. Nikamwambia Kipriani hivyo. Akanijibu, "Sawa dada, tumeelewa," kwa ule upole wa msibani, nikajua hajaelewa kitu. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Unaambiwa mgonjwa kazidiwa kidogo, njoo, ukifika unakuta turubai limeshafungwa. Kwa hiyo kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Aneth mwenyewe nikimpigia hapatikani, yuko kwenye yale mapori ya njiani yasiyo na mtandao. Na mama ana presha. Nikaacha maharage pale pale.

Maana nilishajua pa kwenda. Theonest, mpangaji wangu wa chumba cha uani, ana tovuti ya habari za huku kwetu Buha. Alikuja kwenye sherehe ya kumuaga Aneth, akala pilau yetu, akapiga picha. Nilimkuta kajilaza na kompyuta tumboni. Nikasoma: MAJONZI KASULU! Muuguzi Aneth atuacha, wagonjwa waangua kilio. Tazama picha zake za mwisho.

"Theonest, umemuua mdogo wangu?"

"Dada, mimi sijaandika amekufa. Wafungue wasome. Kule mwisho nimesema kahamishwa."

Kule mwisho kweli, ukurasa wa tatu, chini ya matangazo ya kubeti, mikopo ya chapchap na dawa za nguvu za kiume. Katikati ya uchafu huo mdogo wangu anacheka na sare yake. Kipriani hana bando la kufungua kurasa tatu. Yeye kwenye simu yake aliona picha na kichwa cha habari tu, akaenda kumsomea mama.

"Nikiandika muuguzi kahamishwa, nani atafungua?" Theonest alinieleza taratibu, kama ananifundisha kupika. "Mtu akifungua, anakutana na matangazo. Wenye matangazo wananilipa. Ukimwambia yote mwanzoni, anaondoka."

"Iondoe."

"Kesho, dada. Leo ndiyo inakimbia."

Nilisikia kinyaa, kile cha kukuta nywele mdomoni. Nikaondoka, nikamfuata Aneth hadi Kibondo, maana kwa simu wasingeamini, na kulipokucha tukawa Nyabibuye.

Ukoo ulikuwa umejaa. Wajomba, mashangazi wa Kabanga, hata ndugu wa ng'ambo, Burundi. Mama alikuwa ameshanyolewa kichwa, amekaa chini, sauti imemwisha. Aneth akapiga magoti mbele yake. Mama akamshika uso, masikio, vidole kimoja kimoja, kisha akamsukuma na kuanza kutetemeka.

Nyuma ya migomba kaburi lilikuwa wazi. Na kaburi likishachimbwa kwetu halifukiwi tupu, litaita mwingine. Wazee wakakata mgomba, wakauviringisha kanga, wakaushusha. Watu wakatupia udongo, wengine wanacheka, wengine wanalia. Mama alilia. Na wako waliokuwa wanarekodi.

Niliporudi Kasulu, Theonest alinipokea mlangoni na kitenge kipya mkononi. Alishatumiwa ile video, alishaandika: MAAJABU! Marehemu ahudhuria mazishi yake.

"Hii imevunja rekodi, dada. Kitenge ni shukrani yangu."

Mtu analipwa kwa machozi ya mama yangu, halafu ananikatia kipande nijifunge kiunoni. Nilikitupa kwenye tope, na godoro lake juu yake, na masufuria yake. Akaniita mshamba. Chumba kikabaki wazi, sikujali.

Mama hakupona tangu siku ile. Simu ya jirani ikilia, yeye anakamata kifua. Chakula anakisukuma. Mwezi haukuisha, akafariki alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Aneth.

Nikaanza kupiga simu. Safari hii niliacha desturi ya kuficha, nikasema wazi kwamba mama amefariki. Shangazi Odilia wa Kabanga akacheka.

"Esteri, mmeanza tena? Leo mnazika muhogo?"

"Shangazi, ni mama."

"Haya, ngoja vijana waangalie kwanza mtandaoni."

Nikajua wanaangalia wapi. Kwenye tovuti ya Theonest hapakuwa na kitu. Bibi kizee wa Nyabibuye kafa kwa presha, nani afungue? Mjomba naye akasema alishatumia nauli mara moja kwa ajili ya mgomba, hatapumbazwa tena. Wa Burundi hawakupokea.

Tulisubiri mpaka jua likaanza kushuka, maana udongo wa kwanza ni wa wajomba. Kipriani alikuwa amechimba na majirani wachache, hanitazami usoni. Mwishoni akaniambia tusimcheleweshe mama.

Mgomba ulizikwa na ukoo mzima. Kwa mama, wa ukoo tulikuwa mimi na Aneth tu.