Mdhamini wa Chumba cha Chini

Fundi cherehani alikuwa akipiga pasi kola za sare za shule wakati kampuni yake ilipobisha hodi. Wakili alikuwa ameisajili asubuhi ile. Kampuni ilikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye shati la kijivu lisilo na mfuko. Aliketi kwenye cherehani ya pembeni, akasubiri kuelekezwa.

"Ndiye huyo," wakili alisema kwenye simu. "Mbele ya sheria ni mtu kamili. Mikataba asaini yeye. Yakiharibika, yamharibikie yeye. Tafadhali dada, usisaini chochote kwa jina lako kabla hujaniita."

Wafanyakazi walimwita Shemeji. Mapindo aliyoshona yalinyooka.

"Huyu anakula?" mmoja aliuliza.

"Anakula, ila hashibi," fundi alijibu. "Kama wewe tu."

Mkataba wa pango la chumba chao cha chini ulipokuja, mwenye jengo alikuwa ameweka nafasi mbili za kusaini, ya kampuni na ya mdhamini. Shemeji alisaini bila kuuliza, kisha akamtazama fundi. Fundi aliona haya kumwacha asaini peke yake mbele ya watu, kama mtu asiye na ndugu. Akachukua kalamu. Wakili hakuitwa.

Mwaka uliofuata shule zikaanza kununua sare za kiwandani. Zikaja pia habari kwamba mama yake fundi amepooza upande mmoja na hana wa kumgeuza kitandani. Fundi aliwaaga wafanyakazi, akamwomba wakili aifunge kampuni. Wakili aliifunga kwa utaratibu. Shemeji alififia kuanzia viatuni, akashukuru kwa kazi, akaisha.

Fundi akabeba begi, akavuka kizingiti. Mguu wake ukatua ndani, karibu na meza ya pasi. Akajaribu kinyumenyume. Akatua palepale.

Wakili alikuja, akausoma mkataba akiwa amesimama nje ya mlango.

"Ulimdhamini," alisema. "Yeye ameisha, umebaki wewe."

"Nilimwonea huruma, kaka. Hakuwa na mtu."

"Ndivyo alivyotakiwa awe, dada. Asiwe na mtu."

"Na mama je?"

Wakili alikunja karatasi polepole. "Pango limebakiza miaka minne. Nitaongea na mwenye jengo."

Aliongea naye mara nyingi, bila kupandisha sauti. Akafanikisha dirisha la nyuma lifunguliwe. Mwenye jengo alisema yeye si mtu mbaya, ila mkataba ni mkataba. Majirani wa mama walikuwa wakipiga simu jioni na kumwekea mgonjwa sikioni. Fundi alikuwa akimwambia anakuja.

Kisha chumba kikatafutiwa mpangaji mwingine. Mdhamini hakuachiwa. Mwanamke mmoja mpiga chapa alikipenda, na kwa kuwa alikuwa mwangalifu, alipeleka rasimu ya mkataba kwa wakili kwanza. Wakili aliisoma mstari kwa mstari. Orodha ya vilivyomo chumbani ilikuwa feni, sinki na fundi. Mteja wake sasa alikuwa mpiga chapa. Akaongeza kifungu kwamba mpangaji hatawajibika kumlisha fundi. Mwenye jengo akakubali bila ubishi.

"Wakili, umenikinga kweli," mpiga chapa alisema.

Siku ya kuhamia, fundi alimfungulia mlango.

"Amesaini nani?" aliuliza.

"Kampuni tu, dada."

"Vizuri, mdogo wangu," fundi alisema, akasogea ukutani mashine ya chapa ipite.