Nondo za Chumba cha Mama

Chumba tulichokuwa tukimwongezea mama ubavuni mwa nyumba yetu pale Kisaka kiliishia kwenye msingi. Fundi Ogada alikuwa ameshafunga nondo ndani ya mtaro na kuziinua juu ya biskuti, vile vijiwe vya zege vinavyozizuia zisiguse udongo. Kaka yangu Mseti akasema zege lisubiri mvua ikatike. Nilimwambia mama hawezi kuendelea kulala sebuleni na kifua kile.

Mvua haikukatika. Mama akafariki, tukamzika kando ya mtaro ule, na Mseti akataka kaburi lifunikwe kwa zege siku hiyohiyo. Nondo zikang'olewa msingini, zikakatwa kwa kipimo cha kaburi.

Ogada alizilaza juu ya udongo mbichi, kisha akachuchumaa na kuanza kupenyeza biskuti chini yake, mojamoja.

"Acha hayo, fundi," nikasema.

"Zikigusa udongo zitaliwa na kutu, dada Gati."

Nikamgeukia Mseti. "Umesikia? Nondo zinatunzwa kuliko mama."

Aliwapungia mkono vijana wa fundi walete zege. Mvua ilikuwa bado inanyesha.