Kifaransa cha Ulingoni

Mjomba hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji, lakini ndiye aliyesema atamfundisha mpwa wake, tena kwa ngumi. Alikuwa kocha wa ndondi. Ukumbi wake ulikuwa ghala la zamani lenye mabati yaliyotoboka, ulingo mmoja, na magunia yaliyoshindiliwa matambara. Kila alichokijua duniani alikipata kwa kupigwa, kwa hiyo hakuona kwa nini lugha iwe na njia yake peke yake.

Kwenye kamba alikaa bondia mnene waliyemwita Tembo, aliyekulia nchi ambayo Kifaransa huzungumzwa mpaka sokoni. Tembo anauliza swali. Msichana anajibu huku anakwepa. Akikosea, Tembo anatikisa kichwa, na glavu ya mjomba inamshukia mkononi.

"Jibu," mjomba anamwambia. "Usifikiri. Ukifikiri umeshaliwa."

Msinitazame hivyo. Msichana mwenyewe ndiye aliyeomba. Darasani alikuwa anaambulia patupu. Anakariri kurasa nzima, akiitwa ubaoni kichwa cheupe. Na alama za juu za Kifaransa ndizo tu zilizobaki kati yake na shule ya bweni. Bweni alilitaka kwa kufa na kupona, kwa sababu nyumbani kulikuwa na baba wa kambo. Makenika, mcheshi mtaani, watoto wa jirani anawatengenezea baiskeli bure. Akishafunga mlango anampiga mama, na mama akishindwa hata kuinuka, anamgeukia binti. Mama alishamwapisha mwanawe: mambo ya ndani yabaki ndani, na mjomba asisikie hata harufu, ataua mtu.

Basi akawa anapigwa kwa huyu na kwa yule. Tofauti ni kwamba ulingoni alikuwa anajifunza. Maneno yalimwingia mwilini. Siku moja alichelewa kukwepa, akajibu maswali ya Tembo damu ya pua ikimwingia mdomoni, wala hakukosea hata moja, na Tembo akacheka mpaka kamba zikatikisika. Ila wote watatu hawakuona kosa lao. Tembo aliuliza anachokijua yeye: nani amekupiga, wapi panauma, umeanguka mara ngapi, inuka, funika uso, usilie. Hakuna aliyekumbuka kumfundisha keki, bustani, wala safari ya kwa bibi.

Siku ya mtihani wa kuzungumza alikaa mbele ya mtahini, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Swali lilikuwa jepesi mno: Jumapili nyumbani kwenu mnafanya nini? Wenzake waliotangulia walishamweleza mtahini za keki na za bibi. Yeye akatafuta neno moja tamu, hakulipata. Aliyokuwa nayo ni yale ya ulingoni, na yakatoka yenyewe, yamenyooka, bila kigugumizi. Baba anafunga mlango. Anampiga mama tumboni, kisha usoni. Mama anaanguka, anainuka, anaanguka. Mimi nafunika uso. Ananipiga hapa, na hapa. Hatupigi kelele.

Kwa Kiswahili asingethubutu. Kwa Kifaransa hakuna mtu aliyekuwa amemkataza.

Mtahini akaweka kalamu chini. "Mwanangu," akasema, kwa Kiswahili sasa, "haya umeyatunga?"

"Hapana, mwalimu."

Mtahini akaandika tisini na sita, akatoka moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu naye akampigia simu mjomba, maana ndiye aliyekuwa anahudhuria vikao vya wazazi.

Mjomba alifika nyumbani msichana hajavua hata sare. Hakupiga hodi. Baba wa kambo alikuwa anakula. Sahani ikaruka, na ngumi ya kwanza ikamng'oa meno mawili. Ya pili ikampeleka ukutani. Akanyakua spana, mjomba akaukunja ule mkono mpaka mfupa ukalia. Alimpiga kimya kimya, kama mtu anayepasua kuni, na msichana alifurahi, wacha niseme ukweli, alifurahi mpaka akajionea aibu. Mama ndiye aliyepiga yowe.

"Kaka, utamuua. Utafungwa, na sisi utatuacha na nani?"

Ndipo mkono ukashuka. Mjomba akamburuta yule mtu akamtupa nje, akafunga mlango, akaketi sakafuni huku vifundo vya vidole vinavuja damu.

Msichana akadhani atamfurahisha. "Mjomba, nimepata tisini na sita. Naenda bweni."

Hakuchangamka. Akamvuta mkono, akaikunja taratibu mikono ya shati la sare hadi mabegani. Mikono yote miwili ilijaa madoa ya kuvilia damu, mengine meusi, mengine yameanza kuwa ya manjano.

"Niambie," alisema. "Yapi yangu, na yapi yake?"

Msichana akayatazama. Akayagusa moja moja, kwa kidole, anajaribu kukumbuka. Hata yeye hakujua.