Friji Nisiyowahi Kuifungua

Miaka saba nilikuwa kibarua katika stoo ya mashuka ya hospitali. Nilihesabu yaliyotoka kwa dobi, nikatenga yenye madoa sugu ya damu, nikakunja mengine. Mtunza stoo alipostaafu, nafasi ilikuwa yangu, na wauguzi walishaanza kuniita Bosi kwa utani. Ilibaki karatasi moja: taarifa ya mikopo iliyo safi, maana hospitali haimkabidhi funguo mtu anayekwepa madeni. Nilipewa wiki tatu.

Taarifa ikaja na deni. Kampuni ya kukusanya madeni ilidai kwamba nilikopa friji ya milango miwili katika mji ambao sijawahi kuukanyaga, kisha nikaingia mitini. Nilicheka, kusema kweli. Ninaishi na mama katika vyumba viwili. Friji hiyo ikiingia, mmoja wetu analala nje.

Kicheko kiliniisha kwenye foleni ya ofisi ya taarifa za mikopo. Afisa, binti mpole mwenye miwani, alinieleza kwamba deni lisilo lako unalipinga kwa maandishi, kampuni inaleta ushahidi, ikishindwa deni linafutwa. Nikaandika. Nikaambatisha barua ya hospitali kuonyesha kwamba siku friji inakopwa nilikuwa zamu. Fomu ya duka ilipoletwa, namba ya kitambulisho ilikuwa yangu, lakini sahihi ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, yenye mikia mirefu. Afisa akasema hapo kampuni imechemsha, nisubiri tu majibu.

Wale wakusanyaji walikuwa wakinipigia mara sita kwa siku. Mmoja nilimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha nikazifungia namba zao zote. Nikajiona mjanja.

Zikiwa zimebaki siku mbili, afisa aliniita. Safari hii hakunitazama usoni. Kampuni ilikuwa imeleta orodha ya malipo: mara tatu, kwa jina langu, mara ya mwisho wiki iliyopita.

"Dada, ukishaanza kulipa, kwao umelikubali deni," alisema. "Pingamizi limekataliwa."

Nikamwambia sijalipa hata senti. Akanigeuzia karatasi. Namba ya simu iliyotuma pesa niliijua kwa kichwa. Ilikuwa ya mama.

Namba yake waliipata wapi sijui; watu wale wanaweza kupata hata ya marehemu. Afisa alisema mama akiandika maelezo polisi kwamba alidanganywa, uchunguzi unaweza kuanza upya, nao huchukua miezi miwili. Mimi nilikuwa na siku mbili.

Nilirudi nyumbani nimefura. Njia nzima nilipanga maneno, na hayakuwa maneno ya kumwambia mzazi. Nilimkuta anapiga pasi nguo za watu, kazi inayomweka mjini tangu baba afariki. Nilipotaja kampuni, akaiweka pasi kando. Hakuficha kitu. Walimpigia kwa adabu, wakamwita mama, wakamwambia binti yake yuko mbioni kufungwa, ila akilipa kidogo kidogo kwa jina langu watanisafisha. Kumbe ndiyo maana wiki zile alikuwa akipokea nguo maradufu, akinidanganya kwamba wateja wameongezeka.

"Nilijua friji si yako," alisema. "Lakini wewe una hasira, mwanangu. Ungewatukana, wangekufunga. Nikaona nikusitiri." Akanitazama. "Vipi, wamekusafisha?"

Nikaitazama mikono yake. Vidole vyake viwili vilikuwa na malengelenge.

"Wamenisafisha, mama," nikasema. "Na kazi nimepata."

Akalia. Nikalia nami, akadhani ni furaha.

Nafasi alipewa mtu wa kutoka nje, asiyejua hata shuka la wodi ya wazazi linakunjwaje. Mimi niliendelea na kibarua. Asubuhi nilitoka saa ile ile, jioni nikarudi saa ile ile, na kwa aibu nikawa naahirisha kumwambia ukweli, leo kesho, leo kesho.

Jana nimemkuta amekaa mlangoni, uso umemnawiri. Kampuni ilipiga tena. Imegundua deni jingine kwa jina langu, la kochi. Hakutaka kunisumbua, na kwa nini anisumbue, ikiwa nilimwambia mwenyewe kwamba malipo yake ndiyo yaliyonipa kazi? Safari hii amelipa lote kwa mkupuo mmoja. Pesa amekopa kwa wateja wake wa pasi, kila mmoja kidogo, na majina yao ameyaandika vizuri kwenye daftari ili nisimsahau hata mmoja.

"Nimewaambia tarehe mosi wote waje hapa kuchukua chao," alisema. "Wanajua sasa wewe ni mtunza stoo."

Tarehe mosi ni kesho kutwa.