Ngozi ya Kanisa

Ngoma ilipasuka Jumamosi saa nne asubuhi, mazoezi ya kwaya yakiwa yamepamba moto, na aliyeipasua ni Ndanu mwenyewe. Kiganja chake kilizama ndani hadi kifundoni. Kavutha, mwenyekiti wa akina mama, akauliza huyu msichana wa chuo kikuu amekula nini leo, na kwaya nzima ikaangua kicheko. Ndanu hakucheka. Tangu Jumatatu hakuwa na hamu ya kucheka, na kila mtu katika kanisa lile la mtaa wa Maringo alijua sababu.

Sababu ilikuwa kitabu. Mwaka ule wa sabini na tisa Ndanu alikuwa akimalizia masomo ya muziki, na alipoambiwa atafute jambo la kuandikia tasnifu hakwenda mbali. Katika sakristia ya kanisa lao, chumba cha kuwekea mavazi na vyombo vya Misa, mlikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku kitabu cha nyimbo za Misa ambacho padri mmoja mzee wa Kiitalia alikuja nacho, akafa, akakiacha. Kilikuwa kipana kuliko sinia la pilau la arusi. Kurasa zake hazikuwa karatasi bali ngozi ya mbuzi iliyokunwa mpaka ikawa nyeupe, na juu yake mistari minne minne myekundu, na juu ya mistari noti nyeusi za mraba, kazi ya mikono ya watawa waliokufa miaka mia tano iliyopita. Mwalimu wake wa chuo alipoona picha za kurasa aliinuka kitini. Basi Ndanu akashinda sakristia miezi mitatu, akinakili noti moja baada ya nyingine na kuziimba kwa sauti ya chini, nyimbo zisizo na pigo wala haraka. Kila siku saa nne Mzee Obura, sakristani aliyetunza chumba kile, alimletea kikombe cha chai ya maziwa bila kuombwa.

Jumatatu alifika mwisho. Wimbo wa kumsindikiza maiti kaburini ulikuwa ukipanda vizuri, mara ukakatika katikati ya neno. Akafunua. Hapakuwa na cha kufunua. Pale palipostahili ukurasa wa mwisho pamebaki ukanda mwembamba wa ngozi, umekatwa kwa kisu kikali, umenyooka sawasawa.

Hapo ndipo alipoharibu mambo. Mtu mwingine angekaa chini, anywe chai yake, afikiri. Ndanu alitoka mbio hadi kwa padri, padri kijana aliyekuwa hajamaliza hata mwaka pale, akamwambia ukurasa umeibwa. Padri akauliza nani ana ufunguo wa sanduku. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na kwa miaka kumi na tisa ulikuwa ukining'inia kiunoni mwa Obura pamoja na funguo nyingine zote za kanisa. Jioni haikuingia kabla mtaa haujajua kwamba wazungu hununua vitu hivi kwa bei ya nyumba, na Kavutha akakumbuka kwamba Krismasi iliyopita Obura alinunua redio. Redio! Mtu amefuta vumbi la altare tangu kabla ya Uhuru, kisha redio moja ikamfanya mwizi. Padri akampa Obura hadi Jumamosi saa kumi: arudishe ukurasa, ama arudishe funguo na ahame chumba chake cha nyuma ya kanisa.

"Mimi sijauza kitu," Obura alisema, na hakuongeza neno. Jumanne saa nne alileta chai kama kawaida, akaiweka mezani, akaondoka. Ndanu hakuweza kuinywa.

Sasa ngoma nayo imepasuka. Ndanu aliibeba hadi nyumbani akaiweka uani. Baba yake, Mbithi, ndiye aliyeichonga kwa mkono wake, ngoma ya kwanza kuingia kanisani mwao, mwaka ule Kilatini kilipoondolewa. Mbithi alikuwa mchongaji kule soko la Gikomba na mwalimu wa kwaya hapa mtaani, na Ndanu amekua akijivunia vyote viwili. Alijua baba akirudi kula mchana ataitengeneza, akaona amtangulizie kazi. Aling'oa vigingi vya mti kimoja kimoja, akalowesha kingo kwa kitambaa ili ngozi ilegee, akaibandua. Kisha akaliinamisha gogo.

Vumbi jeusi lilimwagika kwenye saruji.

Ndanu alilitazama asielewe. Akaigeuza ngozi. Upande wa juu, ule anaoujua, ulikuwa mwekundu kwa udongo na mafuta ya mbarika. Upande wa ndani ulikuwa mweupe, na juu ya weupe ule palikuwa na mistari minne minne myekundu.

 Akakaa chini pale pale. Kandokando, karibu na matundu ya vigingi, noti za mraba zilikuwa bado zimekaa, na chini ya noti ya kwanza kulikuwa na nusu ya pili ya neno lililokatika Jumatatu. Lakini katikati, pale kiganja kinapotua, hapakuwa na kitu. Wino ulikuwa umebambuka, chembe kwa chembe, ukaanguka ndani ya gogo. Na aliyepiga ngoma hii kila Jumapili tangu akiwa na miaka kumi na mmoja ni nani? Ndanu aliitazama mikono yake.

"Umeifungua," sauti ikasema.

Mbithi alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zake. Hakuuliza ni nini kile. Hilo ndilo lililomshtua Ndanu kuliko ngozi yenyewe.

"Baba. Ulijua."

Mbithi akachuchumaa mbali kidogo naye. "Mwaka ule akina mama walikataa ngoma," alisema. "Kavutha ndiye alikuwa mbele. Walisema kwetu mbuzi huchinjwa kwa kilumi, ngozi yake inawambwa ngoma ya kuita pepo. Sasa nani anajua mbuzi wa hii alichinjiwa nini? Ikiingia kanisani, na pepo wake wanaingia. Nilileta ngozi tatu, zote wakakataa. Nikafikiria kile kitabu. Padri mzee amekufa, Kilatini kimeisha, hakuna mtu atakisoma tena. Na hiyo ni ngozi safi, imekunwa vizuri kuliko yangu, hakuna wa kuuliza mbuzi wake alikuwa wa nani. Nikachagua ule ukurasa wa mwisho kwa sababu ulikuwa umeandikwa upande mmoja. Waliponiuliza, niliwaambia hii ni ngozi ya kanisa. Sikudanganya."

"Na Mzee Obura?"

Mbithi aliokota kigingi kimoja, akakigeuzageuza.

"Baba, tangu Jumatatu unasikia anaitwa mwizi!"

"Nilikuwa natafuta maneno, mwiitu, binti yangu."

"Siku tano?"

"Uliandika kwa kitabu chako cha shule kwamba mimi ndiye nilikufundisha muziki. Ulinisomea ukifurahi." Alikuwa akiongea na sakafu. "Ningeanzia wapi?"

Ndanu alimwangalia kana kwamba ni mpangaji mgeni aliyekosea mlango. Huyu ndiye aliyemchapa utotoni, siku Ndanu alipomsingizia mtoto wa jirani kuvunja kikombe.  Akaifunga ngozi ndani ya leso, akatoka mbio, na nyuma yake akasikia viatu vya baba yake vikimfuata kwa uzito.

Saa kumi ilikuwa bado haijafika. Nyuma ya kanisa godoro la Obura lilikuwa limekwisha kutolewa nje, na juu ya godoro sufuria, koti na ile redio. Padri alikuwa amesimama kando akitazama saa yake. Ndanu alipiga magoti, akaikunjua ngozi juu ya godoro.

"Mzee Obura, nisamehe. Haikuibwa. Imekuwa kwa ngoma miaka hii yote."

Padri aliinama, akaona mistari, akajishika kichwa. Obura hakuinama. Aliitupia ngozi jicho moja, jinsi mtu anavyomtazama jamaa aliyeonana naye jana.

"Najua," alisema. "Mbithi alikata, mimi nikamshikia kitabu kisipinduke."

 Mbithi alikuwa amefika, akihema. Kisha akavua kofia.

"Padri, ni mimi," alisema. "Huyu mzee hana makosa. Nilimwacha aumie na nilikuwa najua."

"Lakini kwa nini hukusema?" Ndanu alimuuliza Obura, machozi yakimtoka. "Ungesema siku ile ile!"

Obura alimwita alivyomwita siku zote tangu utotoni, binti wa Mbithi, kwa lugha ya kwao.

"Nyar Mbithi, ningesema, ungeenda kula na nani jioni? Nilimwachia baba yako aseme mwenyewe. Nilidhani atasema Jumanne. Kisha nikadhani Jumatano."

Mbithi aliinamisha kichwa.

Padri aliona aibu, na sauti yake ikawa ndogo. Akamwomba mzee msamaha, akamwambia arudishe vitu ndani, kesho kwenye Misa atatangaza mbele ya watu wote kwamba hakuna mwizi hapa. Obura alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote. Kisha akafungua mshipi, akautoa mkufu wa funguo, akamwekea Ndanu kiganjani na kumfumba vidole.

"Shika wewe," alisema. "Wewe ndiye unajua kuhesabu kurasa."

Akavaa koti, akachukua redio yake, akaelekea mtaa wa Kaloleni kwa binamu yake. Godoro hakurudi kulichukua.

Jumatatu Ndanu alifungua sanduku kwa mkono wake, akaiweka ngozi iliyotobolewa mahali pake, mwisho wa kitabu. Saa nne, saa ya chai, ikafika. Aliinua kichwa kutazama mlango, akautazama kwa muda mrefu.